Kumwombea Asya Darasa la Saba Maskati

Dada yangu Zuwena alinipigia simu kutoka Maskati: shule haitampokea binti yake Asya mpaka waliomfundisha wafike na madaftari. Mumewe Zuwena ni askari wa Oman. Alipopangiwa kazi Dar es Salaam miaka miwili, Asya alisomea nyumbani la tano na la sita. Mama yake alimfundisha lugha na sayansi. Hesabu nilifundisha mimi, dukani kwangu Kariakoo, mteja mmoja akitoka kabla mwingine hajaingia.

Dar, alfajiri. Madaftari kumi na manne. Niliyahesabu nyumbani, nikayahesabu tena kwenye foleni ya uwanja wa ndege, aliye nyuma yangu akaguna.

Azaiba, Maskati, nyumbani kwa Zuwena, mchana. Kahawa, halwa, na meza imejaa karatasi: barua ya jeshi kuthibitisha uhamisho, kiapo cha wazazi, orodha ya masomo na saa zake, zote na tafsiri ya Kiarabu na mihuri. Nilihesabu mihuri mara mbili.

"Kaka, nnaogopa," alisema Zuwena. "Wakimrudisha la tano atakaa na watoto wanaomfika kifuani."

"Niachie mimi."

Kesho yake asubuhi, shuleni. Mkuu wa shule, Ustadha Rayya, ambaye wazee wake walitoka Unguja, alipitia karatasi asione kasoro. "Mnaomba darasa gani? Tutampima kwa hilo. Akishindwa, anaanzia la tano."

Mazoea ya duka: ukitaka saba unataja nane, upate pa kushukia.

"La nane," nikasema.

Zuwena akanikanyaga mguu. Ustadha akaandika nane, bila kubishana. Nikashuka mwenyewe.

"Tuseme saba, basi."

"Hapa si sokoni Hamriya, kaka yangu."

Asya akasema taratibu, "Ustadha, mjomba hutaja nane apewe saba. Mimi ya nane siyajui. Ya sita nayajua yote."

Ustadha alimtazama, akafuta nane, akaandika saba, akampa mtihani.

Baada ya saa moja na nusu Ustadha alitoka na karatasi. "Amepita. Jumapili, wiki ya shule ikifunguliwa, anaanza la saba. Kosa moja tu: mteja kanunua vitabu saba, bei ya kila kimoja imetajwa. Kapiga hesabu sawasawa, halafu kapunguza jumla. Kwa nini, binti?"

"Amenunua saba, Ustadha. Utamtozaje kama aliyenunua kimoja?"

Zuwena alicheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio.

Nimerudi Dar juzi. Ukimsomesha mtoto nyumbani, tunza kila karatasi, na omba darasa lile lile unalolitaka. Mengine atayachukua kwako mwenyewe, hata yale usiyomwandikia daftarini.