Kamba ya Ng'ombe Ndani ya Lori

Nakumbuka asubuhi ile lori letu lilipoingia Ilembo, mtaani kwetu Mpanda, kwa mara ya kwanza, mume wangu Masanja kwenye usukani na mimi pembeni yake nimeushika mlango kwa mikono miwili, maana kitasa kilikuwa kimeharibika. Mwanangu, sijafurahi vile tena maishani, hata siku ya harusi yangu sikufurahi hivyo, na Masanja akiwa hai nilimwambia hayo usoni. Lilikuwa lori kuukuu la bluu, linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Lakini lilikuwa letu. Hiyo ni miaka ya tisini, Mpanda bado iko mkoa wa Rukwa, na mwenye lori alikuwa anasalimiwa kutoka mbali.

Nimesikia na wewe umenunua lori, na kuna kampuni inataka uliingize kwao lifanye kazi chini yao. Shangazi yako anasema hulali. Vizuri, usilale kwanza, nisikilize.

Lori lile lilitokana na ng'ombe. Mkwe wangu, Mzee Luhende, alikuwa Msukuma aliyehama na mifugo yake kutoka kaskazini mpaka huku kwetu kutafuta malisho. Aliuza sehemu kubwa ya zizi lake ili mwanawe aache kuendesha magari ya watu. Mimi ni Mpimbwe, kwetu tunalima mpunga, ng'ombe nilikuwa nawajua kwa mbali tu. Lakini siku ya mnada nilimwona mzee yule akifungua kamba shingoni mwa ng'ombe wa mwisho aliyemuuza, akaikunja vizuri, akaondoka nayo. Masanja akanieleza kwamba kwao unauza ng'ombe, kamba unarudi nayo nyumbani.

Hata hatujalizoea lori, tukaitwa na tajiri mmoja mwenye malori kadhaa yaliyokuwa yakibeba mazao ya vijijini kuyaleta stesheni ya treni. Mji mzima ulimwita Bosi. Alitukaribisha chai, akasema, "Lileteni kwangu. Dizeli yangu, tairi zangu, na mzigo upo mwaka mzima. Masanja ataendesha mwenyewe, na kila mwezi mtapata chenu." Masharti yake yalikuwa mawili. Lori lipakwe rangi nyeupe kama mengine yake, na liende anakolituma yeye.

Tulitoka pale hatukanyagi chini. Mzigo mwaka mzima! Masika barabara zikiharibika, wenye malori wengine walikuwa wanayaegesha nyumbani mpaka kuku wanataga ndani ya bodi. Sisi tutakuwa tunakula mshahara. Masanja alianza kutembea kama meneja, mikono nyuma. Mimi kichwani nilikwisha kuezeka nyumba bati na kuchagua pazia.

Ila huwezi kumkabidhi Bosi lori lililotokana na ng'ombe za mzee bila kumwambia mzee. Tukaenda kwake asubuhi, kabla hajafungulia mifugo. Mimi nikakaa kando kidogo, kwa heshima ya mkwe, lakini masikio yangu yalikuwa palepale. Masanja akaeleza yote, kwa mbwembwe. Mzee akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe mnataka kumweka kwa mtu," akasema.

Hapo nikueleze, mwanangu. Msukuma mwenye ng'ombe wengi hakai nao wote. Wengine huwapeleka kwa ndugu na marafiki wamtunzie. Anayetunza anakunywa maziwa na kulimia, ila ng'ombe na ndama wanabaki wa mwenyewe. Ni jambo la kuaminiana na lina taratibu zake. Mzee Luhende hakuwahi kushika usukani, lakini kumweka mnyama kwa mtu alikuwa amekufanya maisha yake yote. Basi akaanza kuuliza.

"Akifa huko, nani ananiletea ngozi niione?"

"Baba, hili ni lori. Likipata ajali litatengenezwa."

"Na nani?"

Masanja akanitazama mimi. Hatukuwa tumeuliza.

"Haya. Na siku mkitaka kumrudisha nyumbani, mnakwenda na kamba, au mnakwenda na maombi?"

Masanja akacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Mzee akanigeukia mimi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Mayu," akaniita, ndivyo wao wanavyomwita mama au binti wa heshima, "zizini kwako wako wangapi?"

"Mmoja, baba."

"Mimi hugawa wale waliozidi. Yule wa maziwa ya watoto sijawahi kumpeleka kwa mtu." Akainuka, akaenda kufungulia ng'ombe zake. Hakutukataza. Angetukataza ningepata mtu wa kubishana naye.

Nilikasirika, nisikufiche. Njia nzima nilikuwa nasema mzee hajui injini, atajuaje mambo ya kampuni. Lakini tulipofika kwa Bosi, aliyeuliza yale maswali ya mzee nilikuwa mimi. Na Bosi, Mungu amrehemu, hakuzunguka. Alisema ajali ni juu ya mwenye lori. Na kulitoa katikati ya msimu haiwezekani, kwa sababu na yeye ameahidi watu, kwa hiyo anayeingia kwake anaingia kwa miaka. "Wengi huniuliza watalipwa lini tu," akasema. "Nendeni mkafikiri, mama. Sitawachukia."

Tukasimama nje, karibu na stesheni. Treni ilikuwa inapakiwa mahindi, na malori meupe ya Bosi yamepanga foleni, mazuri, yana tairi mpya. Letu la bluu lilikuwa peke yake upande wa pili wa barabara. Ng'ombe wote aliouza yule mzee walikuwa pale, katika bati lile lenye kutu. Tukilipoteza hatuna la kumwambia.

"Unaogopa?" Masanja akaniuliza.

"Naogopa sana."

"Na mimi. Twende Mwese, tukatafute mzigo wetu wenyewe huko milimani."

Mwanangu, nikikumbuka Mwese mpaka leo moyo unanienda mbio. Mzee alidai kuja. Kwa desturi yao mkwe na mke wa mwanawe hawabanani kiti kimoja, kwa hiyo yeye alikaa mbele na mimi nikapanda bodini, na utingo nilikuwa mimi huyuhuyu. Ile milima siyo ya mchezo. Lori likipunguza nguvu naruka chini na gogo, naliweka nyuma ya tairi, Masanja anapumzisha injini, tunaanza tena. Nina udongo mpaka kwenye nyusi na ninaimba. Watu waliposikia muungurumo walianza kutoka majumbani na magunia ya maharage vichwani, wanawake wanapiga vigelegele, na mama mmoja akaniuliza lori ni la nani. Nikamwambia, "Langu." Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mzee akashuka, akalizunguka lori lote, akalipigapiga boneti kama unavyompapasa ng'ombe aliyefika salama. Kisha akatoa ile kamba ya mnadani kwenye mfuko wa koti lake, akaifunga pale mbele, chini ya kioo. Masanja alijifanya anakagua tairi, lakini nilimwona anafuta macho.

Usidhani baada ya hapo tulikula asali. Springi ilitukatikia njiani, kule Mishamo, tukalishwa mihogo na watu wema mpaka nyingine ikapatikana. Masika yalipokuja, kuku walitaga kwenye bodi letu pia, na Bosi akipita alikuwa ananiuliza bei ya mayai. Lakini msimu wa mavuno yeye mwenyewe alikuja kutukodi, safari kwa safari, tukifika tumemalizana. Na tulipopata lori la pili, unajua tulilipeleka wapi? Kwa Bosi, likapakwa nyeupe, na mzee alikubali bila swali hata moja. Huyo alikuwa amezidi.

Kwa hiyo sikuambii kampuni ni mbaya. Ninachokuambia ni hiki. Kabla hujatia sahihi, uliza gari likiharibika litakuwa la nani, uliza siku ya kulitoa utalitoaje, halafu hesabu una mangapi. Kama ni hilo moja linalolisha watoto wako, kaa nalo, uogope, uendeshe. Woga huo utauzoea, na utakufundisha barabara zote.

Kamba nimeitoa leo msumarini, nilikoitundika lori lile la bluu lilipochoka kabisa. Imechakaa, ila haijakatika popote. Njoo uichukue uifunge mbele ya lori lako. Mungu akutangulie kwenye milima ya Mwese, akupe mzigo wa kwenda na wa kurudi, na kila utakapotaka kurudi nyumbani na kilicho chako, urudi nacho bila kumwomba mtu.