Nguzo ya Hema la Ozella

Ozella Pinckney alipika katika hema lake kila wiki ya kambi ya ibada tangu alipoolewa, na mlango wake haukumkataa mtu. Mahema ndivyo tunavyoviita vibanda vyetu vya mbao, vilivyolizunguka banda la ibada ambalo babu zetu walilijenga walipotoka tu utumwani. Wali wake mwekundu na bamia vimewaleta mkutanoni watu wengi kuliko mahubiri, na mchungaji akinuna, na anune.

Mwaka huu nguzo kuu ya banda iligundulika imeoza. Mkaguzi alisema isipobadilishwa, banda litafungwa. Msonobari mnene wa namna ile hauuzwi tena. Wazee wa kambi walizunguka wakipima, wakaishia kwenye nguzo ya hema la Ozella.

Kwenye nguzo hiyo, usawa wa kiuno, kuna alama ya kisu. Ndipo kichwa cha mwanawe Cletus kilipofika, kabla homa haijamchukua. Kila kambi, Ozella aliigusa kwanza ndipo awashe moto.

"Dada Ozella, tukiing'oa hii, hema litaanguka," alisema Thaddeus, fundi wetu.

"Kwani mimi kipofu? Ng'oeni! Banda likifungwa nitampikia nani, kunguru?" Kisha akashusha sauti. "Ila alama ya mtoto wangu iwe mahali nitakapoifikia."

"Itakuwa hapo hapo, dada. Haki ya Mungu."

Thaddeus si mwongo. Ni mwepesi wa kuahidi, na hilo ndilo linaloniudhi. Nguzo ilipong'olewa, mguu wake ulikutwa umelika kwa unyevu. Akaukata, akaipindua nguzo ili ncha ya juu, iliyokuwa nzima, iingie ardhini, asithubutu kumwambia Ozella.

Baragumu la kwanza la kuita ibadani lilipolia, Ozella aliingia bandani, akapapasa nguzo usawa wa kiuno, akaizunguka, akapapasa tena. Mwishowe akainua macho. Alama ilikuwa juu, karibu na paa.

"Thaddeus, umempeleka wapi mwanangu?"

"Nisamehe, dada. Chini kulikuwa kumeoza."

Sasa hana hema, na kila mlango unamwita, "Ozella, njoo ule!" Anapokea sahani, anashukuru, lakini hali kitu. Nimembembeleza hadi nimechoka, roho inaniuma. Ibada ikianza, hukaa chini ya nguzo ile, uso kauelekeza juu.

Jana mgeni mmoja alimshika bega. "Amina, mama! Mtazame Bwana!"

"Simtazami yeye," alisema Ozella.