Gongo la Mkono wa Kushoto: Njombe hadi Makambako

Safari yetu ilianza na barua. Bwana mmoja Singasinga, fundi mkuu wa mitambo ya barabara pale Makambako, alimwandikia Mwalimu Mgaya kwamba anatafuta kijana mmoja wa kuongeza katika timu ya jimbo ya mpira wa magongo, itakayocheza Iringa wakati wa likizo. Twende tukacheze na vijana wa kambi yake, naye atazame. Chini kabisa aliongeza: kama kuna maandishi yoyote juu ya maendeleo ya vijana wenu, yaje pia.

Maandishi yalikuwapo, na mwandishi ni mimi. Mimi sichezi. Nikisimama mbele ya watu watano koo linakauka, lakini kwenye karatasi sina woga, ndiyo maana mwalimu alinipa daftari mwanzo wa mwaka akaniambia, "Yeremia, kila Jumamosi niandikie chipukizi wangu wawili wanaendeleaje. Usimpake mtu mafuta." Chipukizi hao ni Zakaria Mlowe, Mbena wa hapa hapa Njombe, mwenye mbio na pumzi, na Tito Sanga, Mkinga wa Makete, ambaye kitanda chake bwenini kiko karibu na changu. Shule nzima ilijua Tito ndiye bora. Tito mwenyewe alijua zaidi.

Jambo moja sikuliandika, na hilo ndilo nililolibeba njia nzima.

Magongo yetu tunachonga wenyewe kwa miti ya miwati. Unatafuta tawi lililopinda, unalikausha juu ya jiko la shule, halafu unachonga upande mmoja uwe bapa, wa pili unauacha mviringo. Mwalimu Mgaya alijifunza mchezo huu kwa wiki chache tu alipokuwa chuoni, akatufundisha alichokumbuka: mpira hupigwa kwa bapa, basi. Sasa, Tito ni mashoto. Kalamu alichapwa mpaka akaihamishia kulia, ila gongo hakuna aliyemchapa. Alilichonga kwa namna mkono wake ulivyotaka, bapa yake ikatazama kulia, kinyume na zetu zote. Hakuna aliyeona ajabu.

Wiki tatu kabla ya safari mwalimu alinipa kitabu cha sheria cha Kiingereza, alichokipata karibuni na bado hajakisoma, nikinakili. Nikafika pale panaposema bapa lazima iwe upande wa kushoto wa gongo, na kwamba gongo la mashoto haliruhusiwi kabisa. Nikakifunga. Nikasema nitamwambia Tito kesho. Kesho hizo zikafika ishirini na moja.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulipanda lori la magome ya miwati mbele ya shule. Ukungu ulikuwa mzito, hata kanisa hatukuliona. Dereva alituangalia tulivyojikunja juu ya mafungu ya magome akacheka. "Wachezaji gani hawa, wanatetemeka kabla ya kucheza?"

Nusu ya njia lori lilizama kwenye tope. Tulishuka tukasukuma, tukapanda tena tumelowa mpaka magotini. Tito alitoa kipande cha chupa akaanza kulikwangua gongo lake, maana barua ilisema kila gongo litapitishwa kwenye pete ya chuma, na lisilopita halichezi.

"We mwandishi," akasema bila kuinua macho, "mimi umeniweka nini humo ndani?"

"Mazuri."

"Na Zakaria?"

"Kwamba akichoka anapiga bila kutazama."

Zakaria akageuka. "Kumbe! Tunalala na polisi bwenini! Na huyu Mkinga, hana kasoro hata moja?"

"Kasoro yangu ni moja tu," Tito akasema. "Nawaliza watu." Wote wakacheka. Akanisogezea gongo. "Hebu shika, bado nene?"

Nikalishika. Lilikuwa laini kama mfupa. Mdomo nikaufungua kabisa. Gurudumu likaingia shimoni, tukarushwa, na nilipokaa sawa nikasema tu, "Linatosha."

Saa nne tulifika Makambako. Upepo wa pale hauna adabu. Ulimvua mwalimu kofia kabla hajamsalimu mwenyeji. Mwenyeji wetu alikuwa mzee mrefu, ndevu amezifunga kwenye wavu, kilemba cha rangi ya majivu, na mguu mmoja aliuburuta kidogo. Alitupa mkono sote, mmoja mmoja, hata mimi. Kisha chai ya maziwa, chapati na dengu.

"Kula, toto, kula," alisema. "Mtu ya njaa hapana piga mpira."

Nilikula kidogo sana. Pete ilikuwa mezani, karibu na sahani yangu.

Saa sita tulijipanga kiwanjani. Kijana wa kambi ndiye aliyepitisha magongo. Mawili yetu yalikwama, yakawekwa kando. La Tito liliteleza ndani ya pete kama kidole, kijana akamrudishia bila kulitazama zaidi. Tito akanikonyeza. Nikajisikia nafuu, na papo hapo aibu, vyote viwili kwa pamoja.

Mchezo ukaanza. Watu wa kambi walijua kazi, lakini Tito hawakumjua. Kila walipomtegea kulia, mpira ulikuwa umeshapita kushoto. Dakika chache kabla ya mapumziko aliwapita wawili pembeni, akakata ndani, akapiga. Goli! Wenzetu walirusha makoti juu, upepo ukayachukua. Nilimwangalia mzee. Hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza injini yenye mlio asioujua.

Wakati wa mapumziko aliniita. "Wewe ndiyo andika? Leta."

Akasoma amesimama, kidole kikishuka mstari kwa mstari, huku Mwalimu Mgaya kando yake na wachezaji wakinywa maji hatua tano tu kutoka hapo. Akafika mwisho, akarudi nyuma.

"Zakaria iko kasoro sita. Mzuri, wewe naona. Hii Tito kasoro hapana. Mwaka mzima, hata moja?"

Ningeweza kusema hapana, na pengine ingeishia hapo. Lakini alikuwa amelishika daftari langu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama kitu cha kuaminiwa.

"Gongo lake," nikasema. "Bapa iko kulia. Kitabu cha sheria kinakataza."

Mwalimu akalichukua gongo la Tito, akaligeuza, akalilinganisha na la Zakaria. Niliona shingo yake inabadilika rangi. "Hili nimelitazama mwaka mzima," akasema polepole. Halafu kwangu: "Wewe ulijua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

Tito aliweka kikombe chini. Hakunitukana.

Mzee akasema goli limefutwa. Hakulisema kwa ukali. Akaingia ofisini akatoka na gongo la dukani, la zamani, mpini umezungushwa kitambaa, akampa Tito. "Mkono ya kushoto juu, ya kulia chini. Cheza."

Kipindi cha pili sitaki kukirefusha. Tito aliupiga upepo zaidi ya mpira. Watoto wa kambi waliokaa juu ya mapipa walimpigia kelele, "Huyo analima! Mpeni na mbegu!" Mara moja tu mpira ulimkubali, ukaenda ukagonga mlingoti wa goli. Tulifungwa mawili kwa moja, la kwetu akiwa amelifunga Zakaria, na alipiga huku akitazama. Mwishoni mzee alimwita Zakaria akamshika bega. Ndiye anayekwenda Iringa.

Tito alipotaka kurudisha gongo, mzee akalisukuma nyuma kwake. "Kaa nayo. Mwaka kesho lete, na mkono yako lete."

Saa kumi tulianza kurudi, safari hii juu ya magunia ya chumvi. Zakaria hakujivuna, alijilaza akajifunika koti usoni, nadhani kwa kumhurumia mwenzake. Tito alikaa nyuma kabisa. Tulipopita pale penye tope, nikajikokota hadi kwake.

"Nilikuharibia," nikasema. "Ningenyamaza tu pale."

"Pale?" Akanigeukia. "Pale ulisema kweli, bwana. Nani anakulaumu kwa pale? Wiki tatu, Yeremia! Wiki tatu ningekuwa napiga kwa kulia kila jioni. Kalamu niliweza, gongo lingenishinda? Ukanionea huruma, ukaniacha nimelala."

Ninyi mlioko nyumbani mtataka kujua tuliona nini Makambako. Niliona hili: ukimya wangu niliuita urafiki, kumbe ulikuwa woga wangu mwenyewe, na aliyeulipia ni Tito. Mwalimu aliniambia nisimpake mtu mafuta. Nilidhani mafuta ni maneno tu.

Milima ya Njombe ilianza kuonekana, jua likiwa bado juu yake kidogo. Nikafungua daftari kwenye magoti nikaandika, huku lori likiyapindisha maandishi: "Tito Sanga. Kipindi cha pili, kwa gongo la kulia, alipiga mara kumi na moja. Alikosa tisa."

Nikahisi pumzi begani. Tito alikuwa anasoma.

"Kumi," akasema. "Nilikosa kumi. Ule uliogonga mlingoti ndio pekee nilioupata."

Nikafuta tisa. Nikaandika kumi.