Bi Wadha Awafunza Madereva Kushangaa

Alasiri imeingia, na katika jiko la kambi ya watalii Al Mintirib, ukingoni mwa jangwa la Waarabu, Bi Wadha anagonga sufuria kwa mwiko. Madereva wamekaa mkekani, kanzu zimejaa mchanga.

"Mgeni kafika juu ya tuta, kaliona jangwa lote. Anasema nini?"

"Blimey," wanaitikia kwa uvivu.

"Salaale! Huyo mgeni au mgonjwa? Shangaeni, wanangu!"

Mpishi huyu wa miaka hamsini na minane huwafundisha madereva maneno ya mtaani ambayo Waingereza huyatumia wakishangaa. Aliyaokota Portsmouth, alikofanya usafi hospitalini miaka mingi kabla ya kurudi kwao Ibra.

"Wagonjwa ndio walimu wangu," anasema. "Mtu akiumwa hasemi Kiingereza cha vitabuni."

Kila neno analitafutia ndugu yake wa Kiswahili. "Blimey" ni salaale. "Gobsmacked" ni aliyebaki kinywa wazi. "Well I never" ni la bibi aliyeona makubwa. "Bloody hell" wanaruhusiwa kulisikia tu. Ole wake atakayelitamka mbele ya mgeni.

"Na msisikilize kwa masikio peke yake," anawaonya. "Mtazameni mgeni na uso. Salaale ya furaha si salaale ya kero."

Leo darasa lenyewe liko mashakani. Humoud, mwenye kambi, anaona linawachelewesha madereva kuosha magari. Kasema atawatazama madereva wakiwahudumia Waingereza wanaofika jioni hii. Asipoona faida, khalas, masomo yamekwisha.

Ana sababu. Msimu uliopita Ghaith, dereva mpole kupita kiasi na mwanafunzi wa darasa hili hili, alimkirimu mzee mmoja wa Kiingereza kwa kahawa mpaka ikawa balaa. Kwa desturi ya huku, mgeni akitosheka huitikisa finjani. Asipoitikisa, humiminiwa tena. Mzee wa watu hakujua. Kila alipopiga ukelele Ghaith alidhani anasifiwa, akazidi kumimina. Wageni waliondoka wamenuna.

Jioni magari yanaingia, na birika liko mkononi mwa Ghaith yule yule. Humoud amesimama kando, mikono nyuma. Bi Wadha anachungulia mlangoni mwa jiko, midomo ikisoma dua.

Mama mmoja wa Kiingereza anamiminiwa finjani ya nne. "Blimey!" anasema, na uso umemkunjamana.

Ghaith anamtazama. Analiweka birika chini, anachukua finjani tupu na kuitikisa. "Blimey, madam! Shake it, finish!"

Mama anaitikisa yake, na kahawa haiji. Anacheka mpaka anashika mbavu, na wenzake wote wanatikisa finjani zao. "I'm gobsmacked," anasema, na Ghaith anaachama kinywa wazi kumwonyesha kaelewa. Bi Wadha anapiga kigelegele bila kujijua.

"Bi Wadha," anaita Humoud, akijikaza asicheke, "darasa lako lisikatike."

"Na magari je?"

"Yataoshwa asubuhi. Kwani yanakwenda wapi?"

Msimu ukiisha, Bi Wadha anataka kufungua darasa la wanawake nyumbani kwake Ibra. Majirani wameshaanza kuomba nafasi, na Ghaith ameahidi kuleta ubao.

"Nimefagia wodi za watu kichwa nimeinamisha," anasema, machozi yakimlengalenga. "Leo naitwa mwalimu. Mimi! Mwalimu, wallahi!"