Bomu Linalong'aa

Idman alikuwa mchoraji pekee wa kike niliyemjua Garissa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kalamu yake. Alizaliwa Rhamu, kwenye mashamba ya vitunguu kando ya mto Daua, akajifundisha kuchora ngamia kwa makaa juu ya maboksi ya majani ya chai. Alipohamia Waberi, mtaa wa Garissa, alichora mabango ya maduka. Wenye maduka wakilalamika kwamba ngamia wake wamekonda, aliwajibu, "Basi walisheni."

Mwaka 1998 shirika letu la misaada lilimwajiri. Mimi nilikuwa mpiga chapa, meza yangu ikipakana na yake. Tulikuwa tumepata kompyuta yenye programu ya katuni, na kazi ilikuwa filamu fupi ya kuwaonya watoto wachungaji juu ya mabomu yaliyofukiwa ng'ambo ya Daua tangu vita vya zamani. Idman hakuhitaji kuhimizwa. Weris, binti wa dada yake, alivusha mbuzi huko kila kukicha.

Alichora bomu la kahawia kwenye udongo wa kahawia. Yakub, mkubwa wetu, akainamia skrini.

"Mbona sioni kitu? Bandisha mwangaza, abaayo, dada yangu. Telefisheni ya huko ni mzee."

Idman akashika kipanya, akapandisha mwangaza wa lile bomu, kisha akaongeza kontrasti, ile tofauti ya cheusi na cheupe, mpaka likang'aa kama sufuria mpya. Sote tulipiga makofi. Kanda ikaondoka na gari la Rhamu.

Siku chache baadaye Idman aliwaonyesha nakala watoto wa mtaani kwetu. Ilipokwisha, akamuuliza Arbia, mtoto wa jirani, amejifunza nini.

"Bomu inang'aa," Arbia akajibu kwa furaha. "Nikiona kitu inang'aa, naenda kando."

"Na usipoona?"

"Basi hakuna bomu."

Nilimwona Idman akishika ukuta. Tulikimbia hadi ofisini, kwenye redio ya mawasiliano, tukamwita Hamse, mtu wetu wa Rhamu.

"Filamu watoto wameona jana," akasema Hamse. "Weris? Huyo amefuka mto na mbuzi asubuhi."

"Tuma mtu amrudishe!"

"Nani ataenda huko, abaayo? Wakirudi nitamleta hapa."

Tukangoja. Sijapata kuogopa vile, na mtoto hakuwa hata wangu. Redio ilikoroma, ikanyamaza, na kila ilipokoroma Idman aliruka. Hakulia. Alirudia aya moja, na mimi nikakosa ujasiri wa kumtazama machoni. Yakub alichungulia mlangoni, akaondoka. Hata chai hatukugusa.

Swala ya alasiri ilikuwa imepita redio ilipotoa sauti nyembamba ya msichana. Waliongea Kisomali.

"Habaryar?" Ndivyo alivyomwita mama yake mdogo.

"Weris! Alhamdulillahi! Uko mzima? Na wenzako?"

"Sote wazima. Filamu yako nzuri sana, habaryar. Leo tumepita lile bonde lenye majani, ambalo baba alitukataza. Tulitazama chini njia nzima, hakuna kinachong'aa. Kesho watoto wote wa Rhamu wanapeleka mbuzi huko."

Idman akabonyeza kitufe cha kusemea. "Weris, bomu la kweli haling'ai."