Namba Niliyoitunga Nikiwa Barazani

Jamani, msinilaani kabla sijamaliza. Nimekosa. Nimesababisha kifo cha mama wa watu, na sikumgusa hata kwa kidole.

Mimi ni mkulima wa huku Rufiji, upande wa Ngorongo. Kijiji changu sikitaji. Nilikuwa pia na kazi ya kusoma kipimo cha maji. Pale mtoni imesimikwa nguzo yenye namba kama rula. Kila asubuhi na jioni natakiwa niende, nione maji yamefika wapi, niandike kwenye daftari, kisha nitume kwa simu kwenye ofisi ya maji. Hata watu wa kijijini walikuwa wananiuliza, maana msimu wa mpunga wengi wanahamia bondeni, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, wakifukuza ndege na nguruwe.

Aliyenifundisha alikuwa dada mmoja mtaalamu wa maji, mdogo kwangu kwa umri. Nilimuuliza, "Sasa siku nikiumwa?"

"Acha nafasi wazi, kaka. Tutajua kwamba hatujui. Lakini ukiandika namba hujaiona, umetufumba macho wote."

Nikaitikia. Mwaka mzima sikukosa hata siku moja.

Kisha asubuhi moja nikamkuta mamba kalala hatua chache kutoka kwenye nguzo. Wallahi nilikimbia mpaka kandambili zikabaki kwenye tope! Jioni sikurudi. Nikaona aibu kuacha nafasi wazi, watasema mwanamume mzima anaogopa. Nikachukua namba ya jana, nikaongeza sentimita mbili, nikatuma.

Hakuna aliyeuliza.

Hapo ndipo nilipopotea, ndugu zangu! Kesho yake nikatunga tena. Mamba aliondoka zamani, mimi bado natunga, nimekaa barazani na chai yangu. Leo napandisha kidogo, kesho nashusha, ionekane kweli.

Masika yakaingia. Mdogo wangu Siwema alikuwa bondeni na watoto wake wawili, na mama mkwe wake, Bi Somoe. Mumewe alikuwa Kibiti anapasua mbao. Asubuhi moja Siwema akanipigia.

"Kaka, maji huku yamebadilika rangi. Mama anasema tutoke. Wewe unayaonaje?"

"Yametulia. Nimetoka kupima sasa hivi."

"Umeyaona mwenyewe?"

"Nikudanganye ili iweje, Siwema?"

"Haya. Kama umesema wewe, tunamalizia kuvuna."

Nikakata simu. Nikajiambia hakuna kitu, nikashindwa kukaa. Nikaenda mtoni, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Sikuiona nguzo.

Nikadhani nimekosea njia. Nikatazama tena. Maji yalikuwa yameimeza yote, yanapita kwa kasi, mekundu, yamebeba migomba, yamebeba paa la nyumba ya mtu. Ya Rabi! Nikampigia Siwema, hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nilipiga mpaka chaji ikaisha.

Jirani yangu Hamisi alikubali kutoa mtumbwi. Kila kitu kilichoelea nilidhani ni mtoto.

Tuliwafikia alasiri. Dungu lilikuwa limeinama upande mmoja. Siwema alikuwa juu ya paa, kawafunga watoto mwilini kwa khanga.

"Bibi yenu yuko wapi?" nikawauliza watoto.

Yule mkubwa akaonyesha maji.

Maji yaliwakuta shambani. Bi Somoe alimpandisha mjukuu wa kwanza, akampandisha wa pili, akamsukuma Siwema. Yeye hakuwahi. Tulimpata siku ya tatu kwenye matete.

Sasa sikilizeni unyama wangu. Msibani watu walinishika mkono. "Umeokoa watoto, Mungu akulipe." Nami nikaitikia amina! Macho yangu yalikuwa kwa Siwema tu, naogopa atataja ile simu. Hakuitaja. Nilikuwa nikisikia watu wananong'ona, nasogea nisikie kama wananitaja mimi.

Baada ya wiki mbili yule dada mtaalamu akaja kuchukua daftari. Akafungua ukurasa wa siku ile.

"Siku hii ulifika kwenye nguzo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Sikufika."

Akarudi nyuma ukurasa mmoja. "Na hii?"

"Sikufika."

Akafungua mwingine, na mwingine. Mwisho akaacha kuuliza. Akasema polepole, "Kaka, namba hizi tulikuwa tunawapa mpaka watu wa delta, huko chini."

Kazi imekwenda, na sikuililia. Ninachoogopa ni hilo neno lake. Huko chini kuna visiwa, kuna wakata mikoko na wavuvi na watoto wao. Mpaka leo sijathubutu kumuuliza kuna nani mwingine aliyekufa. Nikimwona mtu wa delta sokoni, nageuka nyuma.

Mwisho nilikwenda kwa Siwema, nikamwambia yote mbele ya mumewe. Mumewe alisimama, akatoka, hajanisemesha hadi sasa, na pikipiki ikisimama nje kwangu nadhani ni yeye. Siwema alikuwa anapepeta mchele, hakuacha.

"Mama alishafunga mizigo," akasema. "Mimi ndiye niliyembishia. Nilimwambia kaka yangu hawezi kunidanganya."

Akaendelea kupepeta.

Wewe nesi, wewe mwalimu, wewe fundi, unayetia sahihi kitu hujakwenda kukiangalia, nakusihi, amka uende. Usijidanganye kwamba ukikosea utashtukiwa mapema ujirekebishe. Hutashtukiwa! Leo hakuna atakayekuuliza, kesho hakuna, na mwezi ujao hakuna. Mimi nilikuwa salama kabisa, watu wananiamini, mpaka ile asubuhi.