Nyumba ya Mwisho Kisiwani

Juzi nilienda sokoni hapa Bunia, nikakutana na harufu ya makayabo, samaki wa chumvi waliokaushwa juani, na miguu ikakataa kusonga. Rafiki yangu, unajua harufu inavyomrudisha mtu mzima utotoni bila kumwomba ruhusa. Nilikuwa tena na miaka tisa, nashuka kwenye pirogi, mtumbwi wetu wa ziwani, nakanyaga mchanga wa kisiwa cha nyanya.

Kilikuwa kisiwa kidogo cha Ziwa Albert, hakina hata baiskeli. Nyumba zilikuwa kumi na mbili, zote zikitazama maji. Mgeni alitakiwa akizunguke chote kwa miguu siku ileile ya kufika, apige hodi kila mlango na aonje anachopewa, akiwa amesimama. Kuketi ni mpaka umalize. Nyanya alinisukuma nje huku akicheka: "Enda! Usiruke hata nyumba moya. Batu banakungojea."

Nilianza kwa furaha. Hapa samaki wa kukaanga, pale muhogo wa kuchemsha, kwingine supu iliyoniunguza ulimi. Wanawake waliacha kuparua samaki wakanishika mashavu, wakiniuliza habari za Bunia kana kwamba mimi ndiye chifu wake. Nilipotoka nyumba ya kumi na moja tumbo lilikuwa limekaza na mchanga unachoma nyayo. Nikaona njia ya mkato katikati ya mihogo, nikaifuata hadi kwa nyanya. Mtoto mvivu kweli nilikuwa.

Nyumba niliyoiruka ilikuwa ya mjane mshona nyavu. Binti yake aliolewa Bunia, na kila mgeni aliyetoka huko ndiye aliyembebea binti huyo maneno ya mama yake aliporudi. Nyanya alipojua hakunipiga.

"Ule mama alifagia mbele ya nyumba tangu asubui," akasema. "Kesho utaanzia kwake."

Alfajiri ziwa lilikuwa limetulia, mwenye pirogi akaita watu haraka kabla upepo haujaamka, nikabebwa na usingizi wangu kabla ya kupita kwake. Tukiwa majini nilimwona mjane amesimama ufukweni, mkono juu. Alisema kitu, lakini kelele za mota zilikifunika.

Mjane alifariki kabla masika ya mwaka ule hayajaisha. Miaka iliyofuata ziwa lilipanda, likachukua nyumba moja baada ya nyingine, watu wakatawanyika. Nyanya alifia hapa mjini, mbali na maji.

Basi juzi, mama muuza makayabo aliniuliza kwetu ni wapi. Nilipokitaja kisiwa, akaacha kula.

"Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama yangu. Weye ulifika kwake? Alikutuma neno?"

Ningeweza kudanganya.

"Hapana, mama. Niliiruka. Nilikuwa nimechoka."

Akachukua kipande cha samaki kutoka sahani yake mwenyewe, akanitia mkononi.

"Basi maliza."

Nikala nimesimama, nikilia bila haya mbele ya soko zima. Kisiwa hakipo tena, wala nyanya, wala mlango wa kupigia hodi. Yule mama naye aliinuka akasimama karibu yangu, akisubiri nimeze, kana kwamba baada ya hapo bado ningekuwa na neno la kumwambia.